Mtoto wa Jumapili

Kila Jumapili baada ya uji, Arnaujaq alivunja amri ya daktari. Kifua kikuu kilitaka alale chali miezi na miezi, asinyanyue hata mkono. Yeye alishuka kitandani, akajikokota hadi dirishani, akasubiri.

Ng'ambo ya ua lilikuwa jengo la watoto. Nesi wa huko alimleta mtoto mwenye sweta nyekundu kwenye kioo, akamshika mkono ampungie Arnaujaq.

"Rudi ulale, mwanangu!" alifoka Bibi Qumaq kutoka kitanda cha jirani. Yeye aliletwa huku kusini kutoka pwani ya barafu mwaka mmoja kabla ya Arnaujaq. "Pafu litatoboka, halafu nibaki na nani wa kuwasengenya hawa manesi?"

"Amenenepa, Bibi. Ungeona mashavu!"

"Mashavu ya maziwa ya ng'ombe hayo. Angekula nyama ya sili ndiyo ungeona mashavu. Na mbona humwiti jina?"

"Na kioo hiki? Atasikia wapi?"

Pale wodini hakuna nesi aliyejua hata neno moja la lugha yao. Siku Arnaujaq alipofika, nesi alisoma karatasi ya meli iliyomleta, akainua vidole viwili: mama na mtoto. Kisha akamwonyesha lile dirisha. Basi.

Februari mtoto hakutokea. Jumapili iliyofuata, vilevile. Arnaujaq akakataa chakula, akamng'ang'ania nesi aproni huku akionyesha ng'ambo. Nesi akatabasamu, akamfunika, akachomeka shuka pande zote.

"Usijisumbue," alisema Bibi Qumaq. "Mimi nilimuuliza daktari kama mume wangu yu hai. Akaniletea chungwa."

Jumapili ya tatu ile sweta ikaonekana. Mtoto alikuwa amekonda, lakini safari hii alipunga mwenyewe, bila kushikwa mkono. Arnaujaq alicheka mpaka akakohoa damu.

Julai alikuja mkalimani, Jusipi, mtu wa kwao, ambaye hufika mara moja tu kwa mwaka. Akaketi kando ya kitanda na faili lake.

"Dada, nimekuja na heri. Mtoto amepona kabisa. Keshokutwa napanda naye meli, nikamkabidhi kwa mumeo. Ameshapelekewa habari, atakuwa pwani anamsubiri."

"Na mimi?"

"Wewe bado, dada. Mwaka. Labda miwili."

Bibi Qumaq alishangilia kwa makofi. Arnaujaq aligeukia dirisha. Ilikuwa Jumanne; ng'ambo hapakuwa na mtu.

"Una neno la kumpelekea mumeo?"

Jusipi alipofunga faili na kusimama, Arnaujaq alimshika mkono.

"Mwambie wetu alifia melini, siku ya nne, nikiwa nimempakata. Huyo mtafutieni mama yake."