Kijiti cha Kusukumia

Fundi Saba hakuhitaji kueleza jina lake lilikotoka. Ukimpa mkono tu, ulijua vidole vitatu havipo.

Binti yake alikuwa akipasua mkanda wa mwisho wa mbao ya nakshi, mwembamba kama penseli, kwenye msumeno wa meza.

"Sukuma kwa kijiti, mama."

"Kinanichelewesha, baba."

"Hata vidole vyangu vilikuwa na haraka."

Binti akacheka, akakiokota kijiti. Muda mfupi baadaye mkanda ukaruka, msumeno ukapiga kelele.

Fundi akaizima mashine mbio. Kijiti kilikuwa kimeliwa nusu nzima.

Akamshika binti yake mikono, akaanza kuhesabu kwa kugusa kidole kimoja kimoja.

"Kumi, baba. Ni kumi tangu nizaliwe."

"Nyamaza, umenipotezea hesabu. Moja..."