Jani la Isale

Zamu yake katika foleni ya Meza ya Bwana ilipokaribia, Elinami aligeuka, akatoka kanisani bila kula mkate. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi migombani. Alitembea hadi karibu na kwake, akachuma jani la isale, akaenda kusimama nalo mbele ya nyumba ya jirani yake mjane, Mama Ndeshi. Katika mji ule, ukilipokea jani hilo kutoka kwa mtu aliyekukosea, umekwisha kumsamehe.

Mama Ndeshi alitoka zizini, mikono imejaa samadi.

"We Elinami, kanisani wamekufukuza?"

"Nimetoka mwenyewe. Mama, mpaka wetu niliusogeza mimi. Mwaka ule tulipomzika mzee wako."

"Najua."

"Unajua?"

"Migomba yangu inazaa kwako, nisijue? Ulidhani nalia nimefumba macho?"

"Nitaurudisha kesho."

"Utaurudisha. Na hilo jani umelichuma wapi?"

"Hapo mpakani."

"Basi ni langu."

Alicheka kidogo, kisha uso ukamzimika. Aliliangalia jani ambalo Elinami alikuwa amemnyooshea.

"Silipokei na samadi," alisema. "Ngoja ninawe."

Akaingia ndani, akauacha mlango wazi. Elinami akasikia maji yakimiminwa, yakinyamaza, yakimiminwa tena. Barabarani waumini walipita wakirudi makwao, wakiimba kwa sauti ya chini, wala katika ukungu ule hakuna aliyemwona. Ndani maji yalimiminwa tena. Elinami hakuushusha mkono.