Mke wa Mnana Aliyebomoa

Enzi zile ndege walipokuwa wakiazimana chumvi, alikuwapo Mnana mmoja aliyependa kusuka viota kuliko kula. Alipomaliza kiota chake cha kwanza, alimwita mkewe aje akione. Mke alishika unyasi mmoja kwa mdomo, akauvuta kwa nguvu zake zote, na kiota kizima kikaporomoka.

"Mama watoto, ndiyo nini hiyo?" Mnana akalia. "Nimeshinda juani nikisuka!"

"Pole, mume wangu. Suka tena, na fundo la juu ulikaze."

Akasuka tena, naye mke akabomoa tena. Jirani yao Njiwa, ambaye nyumba yake ilikuwa vijiti vichache tu vilivyolazwa tawini, alicheka nusura aanguke. "Wenzako huoa wake, Mnana. Wewe umeoa kimbunga!"

Mnana aliona haya, lakini alimpenda mkewe. Akasuka upya, akikaza kila fundo kwa hasira. Safari hii mke alivuta, akaning'inia, akabembea weee, kiota kisiachie.

"Haya," akasema akihema, "sasa nitataga."

Kimbunga cha kweli kikaja, kikautikisa mti usiku kucha. Kulipokucha, Njiwa alifika mlangoni kwa Mnana amelowa chapachapa, hana hata kijiti.

Mnana akatunisha kifua. "Usijali, jirani. Nitakujengea mimi mwenyewe."

"Ahsante, kujenga nitajenga," Njiwa akajibu kwa upole, akichungulia ndani. "Shemeji, nikimaliza, tafadhali uje unibomolee."