Taa ya Mnara wa Ngulima

Siku hizi elimu haikai kichwani. Chuo huirusha kutoka mnarani, na wasomi wa mkoa huipokea. Mikoa yenye vyuo vingi haina wasiwasi. Ngulima ina kimoja tu, ndiyo maana huko hakuna anayeanza kazi ngumu bila kuitazama kwanza taa ya mnara.

Bi Nyamizi alichungulia dirishani. "Inawaka. Haya anza, mwanangu."

Kabula, binti yake mkunga, akainama kumzalisha mdogo wake. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mara mikono ya Kabula ikasita.

"Mama, hapa nafanyaje?"

Nyamizi alikimbilia dirishani amwite daktari wa jirani. Taa ilikuwa imezimika. Daktari alikuwa amesimama uani kwake, akikigeuzageuza kipimo chake cha moyo kama aliyekiokota njiani.