Spika za Mzee Ngwali

Kila Sudi alipokuja kumsalimia baba yake, Mzee Ngwali alilalamika kwamba spika zake za zamani zimekufa sauti, ameacha hata kuziwasha. Sudi, mtu asiyekubali mzaha umpite, alimjibu, "Zimezeeka kama mwenyewe, baba! Tukutie na wewe spika mpya?" Mzee alitabasamu tu.

Leo wameyabeba yale maboksi ya mbao hadi kwa fundi Mashaka, wachague spika za kutia ndani. Fundi akawapangia mpya mezani, lakini akataka kwanza azisikie zile kuukuu. Akaunga waya, akafungulia muziki, sauti mpaka mwisho.

Duka likatetemeka. Kinyozi wa jirani akatoka mbio ameziba masikio, na mteja wake nyuma, nusu kipara. Sudi alikuwa bado anacheka pale baba yake alipomwinamia fundi.

"Basi washa, mwanangu, tusikie."

Sudi akaacha kucheka, akageuka kumtazama baba yake.

Mzee akawatazama, akamwona kinyozi pia, vidole masikioni, akaelewa. Akainamisha macho. Kisha akaokota spika mpya moja, akaipimapima mkononi kama mtu anayechagua papai.

"Hii itafaa," akasema.

"Itafaa, baba," Sudi akajibu, hajui auweke wapi uso wake. Mizaha yake yote ikamrudia, na hakuna hata mmoja uliochekesha.

Fundi akanyoosha mkono azime muziki. Sudi akamzuia. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya boksi lake kuukuu, na kichwa chake kilianza kutikisika taratibu, kikifuata ngoma.