Shikamoo, Mwalimu Atupele

Siku hizi kila darasa lina kishikwambi kimoja chenye sauti ya mwalimu mmoja. Katika Darasa la Tatu nililopangiwa kwa mazoezi ya kufundisha, sauti ni ya mama yangu, Mwalimu Atupele, tuliyemzika kabla ya mavuno. Nikifaulu mazoezi, yangu itaingia na yake itafutwa. Chuoni wanaiita maendeleo.

Jioni narudi nacho nyumbani kuandaa somo. Hakianzi mpaka kiamkiwe, kwa hiyo baba, aliyemzidi mama miaka kumi, huinamisha kichwa chenye mvi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nusu ukijumlisha na robo unapata ngapi?"

Baba ni seremala, hesabu hizo anazijua. Hukosea makusudi, maana ukikosea mama hurudia maelezo, taratibu, bila kuchoka.

Leo nimemwambia baba nimefaulu.

"Hongera, mwanangu," akasema, akanishika mkono kwa muda mrefu. Kisha akakigeukia kishikwambi na kuamkia. Mama akauliza swali lake lile lile.

"Robo tatu," baba akajibu.

"Vizuri sana, mwanangu," mama akasema. "Somo letu limekwisha. Unaweza kwenda."

Baba hakuinuka.