Nafasi ya Mwisho Ukutani

Ngosa kura moja, Mwelwa kura moja. Ikabaki ya Ruben, na Ruben akaanza kukohoa.

«Hapana kukohoa, Président,» Madeleine akamwambia. «Piga kura. Franck iko anangoja.»

Franck mchoraji, aliyeletwa kutoka Lukafu kwa kazi hiyo, alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, brashi mkononi, mbele ya ukuta mweupe wa uwanja wa Nyota ya Bel-Air, chini ya dirisha la chumba cha kikao. Sura tatu za wachezaji wakubwa wa klabu alikwisha kuzichora. Ilibaki nafasi ya moja tu. Jumapili wageni wangekuja kuuzindua ukuta, na mtaa ulikuwa umegawanyika: huku watu wa Ngosa, kule watu wa Mwelwa, hata majirani wa ua mmoja wakinuniana.

Ruben, rais wa klabu tangu mwaka jana, alifungua kikao kwa sauti ya kirais kabisa: «Humu ndani hakuna ndugu, hakuna rafiki. Iko bachezaji tu.» Wenzake wawili wa kamati, Madeleine na Papa Constantin, walitazamana, wakakubali. Sasa kilichobaki ni kikohozi tu.

«Mi narudilia,» Madeleine akasema. Yeye aliongoza mashabiki miaka na miaka, na hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. «Ngosa njo alituletea kombe. Finale na bale ba Likasi, tunapigwa deux-zéro, mbili kwa bila, bantu banaanza kurudia ku manyumba. Ngosa akaingiza tatu! Tatu, Papa Constantin! Ile ya mwisho kwa kichwa, na damu inamutoka ku pua.»

Papa Constantin, kocha mstaafu aliyewafundisha wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, hakutikisika.

«Goal yenye iliingia, kila muntu anaiona. Na yenye haikuingia, nani anaihesabu? Mwelwa alikamata penalti na kidole chenye kuvunjika. Namuambia: toka. Ananijibu: coach, tafuta kwanza mwengine. Nikatafuta ku banc ya bachezaji ba akiba. Hakukuwa muntu.»

«Mais Mwelwa alipotea saison nzima, match zote za mwaka!» Madeleine akapiga meza. «Timu ikashuka! Ngosa hakukosaka hata match moja.»

Constantin akamtazama Ruben. Madeleine naye akamtazama Ruben, kisha akajiziba mdomo kuzuia kicheko.

«Ile saison tusiihesabu,» Ruben akasema, macho kwenye viatu vyake. «Kosa haikuwa ya Mwelwa.»

«Ilikuwa ya nani?» Franck akauliza.

«Wewe koroga rangi,» Constantin akamjibu.

Ruben aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Hakuna aliyewajua wawili hao kama yeye. Alikulia nyuma ya goli la Mwelwa, tangu msimu uliofuata ule wa kupotea. Harufu ya glavu zile, ngozi na matope, angeitambua hata usingizini. Na Ngosa je? Siku ya kwanza alipomwona akichanja mbuga upande wa kushoto, mkate ulimgandia Ruben mdomoni mpaka filimbi ya mwisho. Wiki nzima hii, akisikia mmoja anasifiwa, aliharakisha kumsifu mwingine. Na asubuhi wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia neno lile lile, kwa upole ule ule: «Ruben, fanya tu haki.» Upole huo ndio uliomtia baridi.

«Tuchore bote babili,» akajaribu. «Nusu ya huyu, nusu ya ule.»

«Unataka kutuletea jini ku ukuta?» Madeleine akauliza.

Franck akatazama kopo lake. «Rangi inakauka.»

Ruben akakaa. Akavuta pumzi.

«Ngosa akikosa goal, dakika yenye inafuata anajaribu tena, na bantu banasahau,» akasema polepole. «Golikipa akikosa mara moja, banamutukana mwaka muzima. Mwelwa alisimama pale peke yake miaka yote ile, mvua ikinyesha, bila hata muntu wa kumupiga picha. Ngosa iko na makombe, iko na mapicha, batoto ba Bel-Air bote banajua jina yake. Bakipita hapa, bajue na ya Mwelwa.» Akainua mkono. «Kura yangu: Mwelwa.»

Madeleine alivua kilemba chake, akakitupa mezani, akakiokota, akakifunga tena.

«Ni haki,» akasema mwishowe. «Inaniuma, mais ni haki.»

Franck alichovya brashi. Papa Constantin akamshika Ruben bega.

«Umefanya muzuri, mutoto wangu. Sasa rudia nyumbani. Mais polepole.»

Ruben alikwenda polepole. Alisimama kununua karanga ambazo hakuzitaka. Alimsalimia kila mtu, hata wale ambao hakuwajua. Lakini habari za Bel-Air hazisubiri mtu, na alipolisukuma geti alijua zimemtangulia: Ngosa na Mwelwa walikuwa wamekaa barazani kwenye mkeka mmoja, wakichambua majani ya sombe, na wote wawili wakainua macho kwa pamoja.

Ngosa alisimama, akakaza kitenge kiunoni, akamkumbatia Mwelwa.

«Félicitations, mama mukwe,» akasema. Kisha akamgeukia Ruben, mume wake: «Na wewe, bukari ya kula na sombe leo, mama yako njo atakupikia.»

«Mi?» Mwelwa akanyoosha miguu yake mkekani. «Bantu ba ku ukuta habapikake.»